Mvuke Umerudi kwa Njia ya Paa

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi mjini Busia, upande wa Kenya au upande wa Uganda, uombe koki au elbo ya nusu inchi. Kabla hujalipa, muuzaji atakuuliza kama unataka na tepu. Vile vigurudumu vyeupe hukaa karibu kabisa na sanduku la pesa, maana ni nadra mtu kununua kitu cha bomba akaondoka bila kimoja. Watu wengi wanaamini tepu ndiyo inayozuia maji yasivuje. Ungio likivuja, ushauri wa kwanza wa jirani ni kuongeza tepu. Likivuja tena, tepu nyingine.

Imani hiyo haijatuumiza sana mpaka sasa, na sababu yake ni nyepesi. Maji ya nyumba zetu yamekuwa baridi, na nguvu yake ndogo. Kila mita 10 za kimo cha maji huleta presha ya takriban baa 1. Tangi lililopandishwa mita 6 juu ya mnara wa mbao halifikishi hata baa 1 kwenye koki ya bafuni. Kwa presha hiyo ungio lililofungwa ovyo linaweza kukaa miaka bila kumsuta aliyelifunga. Litatoa tone moja moja, chumvi za maji zitaziba ufa, kutu itasaidia, na mwenye nyumba atasema fundi wake ni hodari.

Moto hauna uvumilivu huo. Na moto umeingia kwenye mabomba ya mpaka huu kwa kasi ambayo mafundi wengi hawakuandaliwa kwayo.

Simama mahali palipoinuka Tororo, Malaba au Busia uangalie mapaa. Katikati ya mabati utaona matangi ya sola yamelala, chini yake safu za mirija ya kioo zimeelekezwa juani. Nyumba za kulala wageni ndizo zilizotangulia. Madereva wa malori ya masafa marefu, wanaotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali, Juba na Kongo, hulala hapa wakisubiri makaratasi ya forodha, na baada ya vumbi la njia nzima maji ya moto si anasa kwao. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia, kilichofunguliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni mwezi Februari 2018, kiliharakisha uvukaji, lakini biashara ya vyumba haikufa. Baada ya nyumba za wageni zikaja nyumba za watu binafsi. Upande wa Kenya, serikali ilitoa kanuni mwaka 2012 zilizoagiza majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafungwe mitambo ya sola. Upande wa Uganda, bei ya umeme imefanya kazi ambayo kanuni ingefanya.

Mtambo wenyewe ni mzuri na nauunga mkono kwa moyo wote. Jua letu halina kodi. Kasoro iko kwenye mikono inayouunganisha na nyumba, na kwenye fikra kwamba bomba la maji ya moto ni bomba la maji ya baridi lililopakwa rangi nyekundu.

Fikiria maji ya mji yamekatika kwa siku kadhaa, jambo ambalo mkazi wa mji wowote wa mpaka huu hahitaji kuelezwa. Wapangaji wameoga maji yote, tangi la juu limekauka, na maji yaliyobaki ndani ya mirija ya kioo yamechemka siku baada ya siku hadi ikabaki mitupu juani. Mirija ya aina hii ina kuta mbili zenye ombwe katikati, kwa hiyo joto likiingia halitoki. Ikikaa mikavu chini ya jua la saa saba inaweza kuvuka nyuzijoto 200. Saa tisa maji yanarudi. Yanapanda, yanagusa kioo hicho, na papo hapo yanageuka mvuke. Maji yakigeuka mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,600. Kioo kinaweza kupasuka. Kisipopasuka, mvuke hutafuta njia ya kutoka, na njia iliyo karibu ni ungio lililofungwa kwa tepu ya mizunguko mitatu.

Miji yetu pia iko juu. Tororo na Busia ziko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, hayangoji 100. Siku ya jua kali, katika nyumba ambayo wenyewe wamesafiri na hakuna anayeoga, tangi la sola linaweza kuchemka kabisa. Kwa hiyo mvuke majumbani si hadithi ya Ulaya peke yake. Tumeshaupandisha juu ya paa zetu bila kuambiwa jina lake.

Kwingine duniani watu wameishi na mvuke wa nyumbani kwa makusudi. Ndugu zetu wa Samia na Teso waliohamia miji ya kaskazini mashariki ya Marekani wanayajua yale masanduku mazito ya chuma cha kusubu yaliyo chini ya madirisha, yanayotoa sauti ya kugonga usiku wa baridi. Katika nyumba nyingi za kale boila hukaa chini kabisa, huchemsha maji, na mvuke hupanda wenyewe kwa mabomba hadi vyumbani, ukatoa joto lake, ukarudi chini ukiwa maji. New York kuna hata mvuke wa mji mzima: kampuni ilianza kuusambaza chini ya barabara mwaka 1882, na hadi leo majengo mengi ya Manhattan hupashwa nao. Mvuke wa kupasha nyumba hauhitaji presha kubwa. Mara nyingi huwa chini ya baa 0.2. Mgeni husikia takwimu hiyo akashangaa kwamba mabomba yake ni mazito na maungio yake yamefungwa kwa uangalifu mkubwa hivyo. Jibu ni kwamba mvuke hupenya pale ambapo maji hayapenyi, na kila siku mabomba hayo yanapata moto na kupoa, yanarefuka na kufupika, mwaka baada ya mwaka. Presha peke yake haiwezi kulichosha ungio namna hiyo.

Hapa kwetu hatukuwahi kuhitaji kupasha nyumba. Lakini ufundi wa mvuke ulikuwepo, na Tororo ilikuwa mmoja wa miji yake.

Reli kutoka Nakuru kupitia Eldoret iliingia Uganda kwa upande wa Malaba na Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, na ilifika Kampala mwaka 1931. Tororo ikawa njia panda: reli kuu ikiendelea magharibi, na tawi likipanda kwenda Mbale na Soroti. Kwa miongo kadhaa karibu kila kilichovuka pale kilivutwa na mvuke. Na miongoni mwa vichwa vya treni vilivyopanda milima ya Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, kisha vikashuka kuelekea Uganda, kulikuwa na vile virefu vya aina ya Garratt.

Garratt inastahili kukumbukwa na kila fundi bomba. Boila lake moja kubwa lilining'inia katikati, na mbele na nyuma yake kulikuwa na mashine mbili zenye magurudumu, kila moja ikigeuka peke yake kwenye kona. Maana yake ni kwamba mvuke ulilazimika kutoka kwenye boila kwenda kwenye mashine kwa bomba linalopinda kila mara treni inapokata kona. Katika zile kubwa kuliko zote, daraja la 59 la Reli ya Afrika Mashariki, zilizotengenezwa 34 huko Manchester mwaka 1955 na 1956 na zilizofanya kazi hasa kati ya Mombasa na Nairobi, mvuke huo ulikuwa na presha ya ratili 225 kwa inchi ya mraba, takriban baa 15.5, na joto lake lilipita nyuzijoto 200. Maungio yake yalitengenezwa kwa umbo la mpira, tufe ndani ya kikombe, yakajazwa vizibo maalumu ili yacheze bila kuvuja. Watu waliozihudumia mashine hizo walikuwa Waafrika, Wahindi na Wazungu, lakini waliotambaa chini ya mashine usiku kwa taa, kukaza na kubadilisha vizibo kabla ya safari ya alfajiri, wengi walikuwa vijana wa huku na huku kando ya njia ya reli.

Mvuke wa reli uliisha kufikia mwaka 1980. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, reli ikagawanywa, injini za dizeli zikatawala. Vichwa vichache vimehifadhiwa kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, kikiwemo 5918 kilichopewa jina la mlima Gelai. Mashine zimehifadhiwa vizuri, na nafurahi. Lakini mafundi walistaafu, wakarudi vijijini Budama, Bukedea, Nambale, Funyula, na sijaona darasa lililokwenda kuwasikiliza.

Ujuzi mwingine haukustaafu. Uko vijijini, na kwa kuwa hauna kibali hauandikwi. Nazungumzia upikaji wa enguli, au chang'aa kwa upande wa Kenya. Sheria imekuwa ikiukataza bila leseni: Uganda iliweka sheria ya enguli katika miaka ya 1960, na Kenya, hata baada ya kufuta marufuku ya chang'aa kwa sheria ya vileo ya mwaka 2010, inataka itengenezwe kiwandani kwa viwango. Simtetei mtu anayeuza sumu. Watu wamekufa na kupofuka katika nchi zote mbili kwa pombe iliyotiwa methanoli. Lakini kwa habari ya kuunganisha bomba la mvuke, yule mama anayepika pombe kando ya mto ndiye fundi pekee wa mvuke wa nyumbani tuliyekuwa naye kwa vizazi.

Pipa lake linachemka juu ya moto wa kuni. Mrija wa shaba unatoka kwenye mfuniko, unapita ndani ya maji baridi, na kutoka upande wa pili kinadondoka kinywaji. Pale mrija unapoingia kwenye mfuniko hakuna thredi wala soketi. Kuna udongo wa mfinyanzi, nyuzi za mgomba, na wakati mwingine unga uliokandwa, vikishindiliwa kwa vidole kuzunguka mrija. Anayeujua ufundi huo hasubiri kuona uvujaji. Anausikia kwa pua na kwa sikio, kwa kuwa mvuke wa pombe ukikutana na ndimi za moto chini ya pipa hakuna wa kuusimulia. Udongo ukianza kukauka na kupasuka anaulowanisha. Anafahamu kwamba kizibo cha moto kinahitaji kuangaliwa muda wote, kwa sababu joto linakibadilisha.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo la kufikishwa kwa mafundi wa sola. Kizibo cha udongo ni dhaifu. Mrija ukiziba ndani, mvuke utakitoboa udongo kabla haujalipasua pipa. Udhaifu huo ndio unaowaokoa waliokaa karibu. Anayechomelea mrija ule kwa welding ili usivuje tena, bila kuacha njia nyingine ya kutokea, ametengeneza bomu. Na anayeuunga kwa risasi, ile inayotumika kwenye rejeta za magari, anawanywesha watu sumu ya madini.

Sasa nirudi kwenye paa. Mitambo mingi ya sola ya bei ya kati inayouzwa mpakani haihimili presha. Tangi lake lazima lipumue. Juu yake kuna bomba jembamba la kupumulia, linalotoka wazi hewani. Kwa macho ya fundi aliyezoea maji baridi, bomba lililo wazi ni kasoro. Linamwaga maji tangi likijaa, linatoa mvuke mchana, na linafanya mwenye nyumba alalamike. Kwa hiyo linazibwa. Kofia moja, tepu juu yake, kazi imekwisha. Nasema kwa uzito wote: bomba la kupumulia lisizibwe, hata kama linatoa mvuke, hata kama jirani analalamikia matone. Ukiliziba, ungio lililo dhaifu kuliko yote ndilo litakalopumua badala yake, na ungio hilo linaweza kuwa juu ya kichwa cha mtoto anayeoga. Kwenye mtambo unaohimili presha, kazi hiyo hufanywa na vali ya usalama, ambayo nayo haizibwi wala haikazwi ili inyamaze.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze tepu.

Ungio la thredi linafungwa na chuma. Thredi za mabomba yetu, Kenya na Uganda vilevile, ni za mtindo wa Kiingereza uliotokana na kazi ya Joseph Whitworth, aliyependekeza mwaka 1841 thredi za pembe ya nyuzi 55 zitumike kila mahali. Bomba la kiume hukatwa likiwa limechongoka kidogo: kila milimita 16 za urefu, upana unabadilika milimita moja. Linapoingia kwenye soketi linajibana lenyewe, na mbano huo ndio unaoshika. Kinachobaki ni njia nyembamba ya mzunguko, kati ya kilele cha thredi moja na bonde la nyingine, na tepu au katani ni ya kuziba njia hiyo tu. Kama thredi zimekatwa kwa dai lililochakaa, zimemenyeka, zina chipu za chuma, au bomba limekatwa kwa msumeno likaachwa na makali ndani, hakuna tepu duniani itakayosaidia. Hapo ndipo kazi huharibika mara nyingi, na ndipo mwenye nyumba haangalii. Angalia thredi kabla hazijafunikwa. Ziwe safi, kali, zenye kung'aa, zimefika mwisho bila kuruka.

Mpakani kuna mtego mwingine. Mizigo inatoka kila mahali, na vifaa vya Kimarekani huingia pamoja na mitambo ya mitumba. Thredi zao zina pembe ya nyuzi 60. Kwa bomba la nusu inchi na robo tatu, idadi ya meno kwa inchi ni 14 kwa pande zote mbili, kwa hiyo vinaingiana, vinakaza, na fundi anaamini vimekubaliana. Havijakubaliana. Vitashika maji baridi na kusalitiana kwenye moto. Kwa inchi moja, Mwingereza ana meno 11 na Mmarekani 11 na nusu, na hapo angalau yatagoma mapema.

Tepu yenyewe ina sifa moja nzuri na moja mbaya. Imetengenezwa kwa plastiki iliyogunduliwa kwa bahati mwaka 1938 na Roy Plunkett, mkemia wa kampuni ya DuPont, na inavumilia hadi nyuzijoto 260. Kwa hiyo mtu anayesema tepu inaungua kwenye maji ya moto anakosea, haiungui. Sifa mbaya ni kwamba inahama. Ikibanwa na kupashwa joto, polepole inajisogeza kutoka kwenye mbano, na haina nguvu ya kurudi. Bomba likipoa na kusinyaa, nafasi inabaki. Tepu ile nyembamba ya bei ya chini ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa ndani yake hakuna kitu cha kutosha. Kama ni lazima itumike, izungushwe kufuata uelekeo wa kukaza ili soketi isiivue, ivutwe mpaka ishike umbo la thredi, na thredi ya kwanza iachwe wazi ili vipande visiingie ndani ya bomba na kwenda kuziba bafu.

Kwa bomba la chuma la maji ya moto mimi nipo upande wa katani na mafuta ya kupaka, ile paste nyeupe inayouzwa kwa mkebe. Ni njia ya zamani, ndiyo. Katani hufyonza maji na kuvimba, ikajaza nafasi ambayo chuma kimeiacha, na paste huizuia isikauke joto linapokuja. Tia kidogo tu. Nyuzi zizungushwe kwa mwelekeo wa thredi, zilale ndani ya mabonde, paste ipakwe juu na kwa kidole iingizwe. Fundi anayefunga rundo la katani hadi thredi zipotee anaikosesha soketi nafasi ya kubana, na anaweza hata kuipasua. Nyuzi za mkonge kutoka kwenye gunia zisitumike badala yake. Ni nene, ni ngumu, hazivimbi vya kutosha. Zamani mafundi wa mvuke walipaka risasi nyekundu iliyochanganywa na mafuta ya kitani, na iliziba vizuri sana, lakini risasi haina mahali kwenye bomba la nyumba. Vivyo hivyo kamba za asbesto zilizokuwa zikizungushwa kwenye maungio ya boila. Ukikutana nazo kwenye mashine ya kale, usizikwangue kwa mkono wala kuzipuliza. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu.

Na ukishakaza, usirudishe nyuma. Elbo ikipita pale ulipotaka iangalie, ama uiendeleze mzunguko mwingine kama inakubali, ama uifungue yote, uisafishe, uanze upya. Kurudisha robo mzunguko ili elbo itazame ukutani ndiko kunakoleta malalamiko mengi kuliko tepu mbovu. Kwenye maji baridi utasamehewa. Kwenye maji ya moto utapigiwa simu.

Kuna urefu pia. Bomba la chuma la mita 10, likitoka nyuzijoto 25 hadi 95, linarefuka kama milimita 8. Ni kidogo, lakini likiwa limebanwa ncha zote mbili ndani ya ukuta wa saruji, milimita hizo 8 zitatafuta pa kwenda na zitaishia kwenye thredi. Bomba la plastiki la PPR la kawaida, kwa joto hilo hilo na urefu huo huo, linarefuka karibu sentimita 10. Ndiyo maana utaona mabomba ya PPR yaliyofungwa juani yamejipinda ukutani. Hayakuharibika, yanatafuta nafasi. Yapewe kona ya kuchezea na vishikio vinavyoyaacha yateleze.

PPR imechukua soko kwa haki. Haina kutu, na ungio lake likifanywa vizuri halina kizibo chochote: bomba na soketi huyeyushwa kwa pasi ya nyuzijoto 260, vikaunganishwa, vikawa kitu kimoja. Bomba la milimita 20 linahitaji sekunde 5 kwenye pasi, la milimita 25 sekunde 7. Ukizidisha, plastiki inavimba ndani na kuziba njia ya maji. Ukipunguza, inashika kwa nje tu. Na hapa umeme wetu unaingia kati. Umeme ukishuka, pasi haifiki joto lake, taa yake inawaka vilevile, na fundi anahesabu sekunde zake kwa imani. Maungio ya siku ile yatapita mtihani wa maji baridi na kuachia mwezi wa pili wa maji ya moto. Fundi mwenye bidii hungoja umeme utulie au hukodi jenereta. Gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu ya kazi, isiwe sadaka yake.

Lakini PPR haikubali mvuke. Wala PVC ya kawaida ya kijivu, ambayo hulegea mapema zaidi, na ambayo nimeiona imefungwa moja kwa moja kwenye tangi la sola kwa gundi. Mita ya kwanza na ya pili kutoka kwenye tangi ziwe za chuma au shaba, na plastiki ianzie pale ambapo joto limeshatulia. Shaba nayo isitangulie chuma kilichopakwa zinki katika mkondo wa maji, kwa kuwa chembe zake zitaila zinki hadi bomba litoboke.

Kilichobaki ni upimaji, na hapa nina ugomvi na desturi yetu. Fundi akimaliza, maji hufunguliwa, kila mtu anaangalia maungio kwa dakika chache, mkono unapitishwa chini ya elbo, unatoka mkavu, pesa zinalipwa. Kwa maji baridi yatosha. Kwa bomba la moto kipimo hicho hakipimi chochote, kwa kuwa ungio bado halijapata moto na kupoa hata mara moja. Mtambo unapaswa kujazwa, uachwe jua la siku mbili au tatu, usiku upoe, kisha fundi arudi na karatasi ya shashi aguse kila ungio kuanzia tangini hadi koki ya mwisho, asubuhi mapema wakati chuma kimesinyaa zaidi. Hapo ndipo ungio dhaifu hujitaja.

Safari hiyo ya pili huwa hailipwi. Mwenye nyumba anaiona kama fundi kurekebisha makosa yake, na fundi anayeishi Malaba akiwa amepata kazi nyingine Mbale hana nauli ya kurudi Busia kuangalia bomba ambalo halijavuja. Wote wawili wana sababu zao. Pendekezo langu ni kwamba hesabu ya kazi iandikwe kwenye karatasi tangu mwanzo ikiwa na siku mbili: siku ya kufunga na siku ya kugusa, kila moja na malipo yake, na sehemu ya fedha ibaki kwa mwenye nyumba mpaka siku ya pili ipite. Mabaraza ya mafunzo ya nchi zote mbili yanayotoa vyeti vya mafundi yangeweza kuiweka siku hiyo kwenye mtihani wa vitendo: mtahiniwa afunge ungio, lichemshwe, lipoe, lichemshwe tena, na alama zitolewe kesho yake.